Sanduku la saa moja na robo: wiki sita za chakula cha jioni bila nyama Kyaliwajjala

Ijumaa ya wiki ya tatu, sanduku la mahitaji ya kupikia chakula cha jioni lilifika saa moja na robo. Kijana wa boda alivua helmeti, maji yakimchuruzika mabegani, akasema, "Pole sana nyabo, jamu ya Ntinda imetumaliza." Nilimwamini, maana mvua ilikuwa imenyesha tangu saa kumi. Nililipokea sanduku, nikaliweka mezani, na nilipogeuka nikamwona mama mkwe kwenye kiti chake karibu na dirisha, Biblia mapajani. Jua lilikuwa limeshazama. Kwake Sabato ilikuwa imeingia, saa za kupika zimekwisha, na ndani ya lile sanduku mlikuwa na uyoga mbichi, unga wa karanga, ndizi ambazo hazijamenywa na jani la mgomba lililokunjwa mara nne.

Hakulalamika. Alisema tu, "Mwanangu, leteni mkate na chai, inatosha."

Tulikula mkate na parachichi. Watoto walilala mapema kwa njaa. Mimi nilikaa jikoni na lile daftari nililokuwa nikiandikia muda wa kupika kila siku, nikalisoma upya kuanzia ukurasa wa kwanza, na ndipo nikaona kwamba kuchelewa kwa boda kulikuwa sehemu ndogo tu ya tatizo letu. Hata kama angefika saa kumi na moja na nusu, kile chakula kisingeiva kabla ya jua kuzama.

Sisi ni watu wa Musoma. Kazi ya mume wangu ndiyo iliyotuleta Kampala, na tumepanga Kyaliwajjala, karibu na barabara ya kwenda Namugongo. Nyumbani tuko saba: mimi na mume wangu, watoto watatu, mama mkwe, na dada anayetusaidia kazi, ambaye ametoka Goma. Mama mkwe ni Msabato wa tangu utoto. Kanisa lake halimlazimishi mtu kuacha nyama kabisa, linakataza zile zilizoitwa najisi katika Mambo ya Walawi na kuhimiza chakula cha mimea, lakini yeye aliamua miaka mingi iliyopita kwamba hatakula mnyama yeyote. Alipohamia kwetu tulianza kupika sufuria mbili kila jioni, yake na yetu, na baada ya miezi miwili tulikuwa hoi. Mume wangu ndiye aliyetoa shauri kwamba chakula cha jioni kiwe kimoja, bila nyama, kwa watu wote. Yeye anakula muchomo wake, yaani nyama choma, mchana kazini na hana kinyongo.

Hapo ndipo tulipojiunga na huduma moja ya hapa mjini inayoleta sanduku la mahitaji yaliyopimwa, pamoja na kadi ya maelekezo, ili mpishi asihangaike kufikiria wala kwenda sokoni. Tulichagua masanduku matatu kwa wiki, Jumapili, Jumanne na Ijumaa, yote ya mboga, kila moja la watu wanne. Moja lilikuwa shilingi 45,000. Ahadi yao ilikuwa chakula mezani ndani ya dakika 35.

Biashara ya namna hii ilianzia Sweden mwaka 2007. HelloFresh ya Berlin, iliyoanzishwa 2011, na Blue Apron ya New York, iliyofuata 2012, ndizo zilizoifanya ijulikane sana. Natoa historia hii kwa sababu moja. Jikoni za kule, maharage na dengu vinatoka kwenye kopo vikiwa vimeshaiva. Unafungua, unasuuza, unatia kwenye sufuria. Kazi inayobaki ni kufikiria upike nini, kwenda dukani, kupima na kukata, na hiyo ndiyo kazi ambayo sanduku linaiondoa. Huduma yetu ilichukua umbo lilelile ikalijaza vyakula vya Uganda, na vyakula vya Uganda visivyo na nyama vinataka moto wa muda mrefu.

Jumapili ya kwanza tuliletewa mchuzi wa karanga, yaani binyebwa, pamoja na nakati, mboga ya majani ya huku, na viazi vitamu. Nilianza saa kumi na mbili kamili. Kukata vitunguu, nyanya na nakati kulichukua dakika 12. Viazi viliiva kwa dakika 40. Karanga ndizo zilizotuweka. Unga wa karanga unakorogwa na maji ya baridi, unabandikwa kwenye moto mdogo, unaachwa utokote polepole mpaka mafuta yaanze kujitenga juu, na mwiko hautakiwi kuondoka mkononi kwa sababu chini huungua upesi. Ukiuharakisha, mchuzi unabaki na ladha ya ubichi na tumbo linauma usiku. Kadi iliandika dakika 15. Mama mkwe alinikataza kuepua kabla ya dakika 45. Tulikaa mezani saa moja na dakika 20 baada ya kuanza, na chakula kilikuwa kitamu kweli, watoto walilamba sahani.

Jumanne ilikuwa zamu ya maharage. Sanduku lilikuwa na gramu 300 za maharage ya nambale, yale mekundu yenye madoa, yamelowekwa tayari na kufungwa kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki. Kadi ilisema: chemsha dakika 20, kisha unga na nyanya na pilipili hoho. Baada ya dakika 20 nilichota kijiko nikampelekea mama mkwe. Alichukua punje moja, akaibana kati ya kidole gumba na cha shahada. Ganda liliteleza likatoka, na ndani punje ilikuwa imegawanyika mara mbili, katikati nyeupe na ngumu kama chaki. "Haya bado sana," akasema, akairudisha kwenye kijiko.

Hili si suala la ladha tu. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha, na Shirika la Afya Duniani linaelekeza yalowekwe kisha yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10, maji yakitokota kabisa. Hizo dakika tulikuwa tumezipita, kwa hiyo hofu yangu haikuwa sumu. Ilikuwa kumlisha mtoto wa miaka mitatu punje ambayo meno yake hayawezi. Tena Kampala iko mita karibu 1,200 juu ya bahari, na huku maji huchemka karibu nyuzi 96 badala ya 100. Nyuzi nne zinaonekana kidogo, lakini kwa maharage ni dakika nyingi zaidi motoni. Yetu yaliiva baada ya saa moja na nusu. Tulikula saa mbili na nusu usiku.

Kuna jambo jingine nililochelewa kulielewa. Kadi zote zilikuwa kwa Kiingereza, na mimi ninayesoma Kiingereza huwa sijafika nyumbani saa kumi na moja. Anayekuwepo ni dada, na yeye anasoma Kiswahili na Kifaransa. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na shuleni binti yangu mkubwa anafundishwa, lakini hilo halijafika kwenye kadi ya mapishi. Kwa hiyo sanduku lilikaa mezani likinisubiri nitoke kazini. Siku moja nilimkuta dada ameshaosha mchicha wote, yeye anauita lengalenga, ameupanga vizuri kwenye ungo, amesimama na kadi mkononi akijaribu kuelewa picha. Niliona aibu. Yule aliyebuni sanduku alidhani msomaji wa kadi na mpishi ni mtu mmoja, na mimi nilidhani hivyohivyo.

Wiki ya pili, Jumanne, ikaja firinda. Nataka nikae hapa kidogo, maana ndipo nilipouona mwanga. Firinda ni chakula cha magharibi, cha watu wa Ankole na Tooro: maharage yaliyolowekwa mpaka ganda likalegea, yakamenywa punje baada ya punje, yakapikwa na kupondwa kuwa rojo laini, yakatiwa samli. Nani mwenye kazi ya ofisini anaweza kukaa kumenya maharage ya watu saba? Sanduku lilileta maharage yaliyokwisha kumenywa. Yalikuwa meupe, yamelala kwenye maji safi ndani ya ndoo ndogo ya plastiki. Mama mkwe alitumbukiza mkono, akainua kiganja, akayaacha yateleze kati ya vidole. "Nani alikaa akayamenya yote haya?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya heshima. Bila ganda yaliiva kwa dakika 35, na ile ahadi ya kwenye kadi ikawa kweli kwa mara ya kwanza. Tulikula na kalo, yaani ugali wa ulezi. Mtoto mdogo alimaliza bakuli akaomba tena.

Nikaandika kwenye daftari: hapa nimelipia kitu.

Linganisha na siku nakati ilipokuja imeshakatwa. Sokoni Kyaliwajjala mama muuza mboga atakukatia sukuma wiki au kukumenyea ndizi palepale ukimlipa kidogo, karanga zinasagwa ukiwa umesimama, na yote hayo yako mwendo wa dakika kumi kutoka getini kwetu. Huduma kunikatia nakati asubuhi, ikaniletea jioni kingo zimeshakuwa nyeusi, ni kuniuzia kitu ambacho sikukihitaji. Siku moja nilichukua orodha ya sanduku la maharage nikaenda nayo sokoni na mizani yangu ya keki, nikanunua kila kitu kwa kipimo kilekile. Ilinigharimu shilingi 21,000. Zile 24,000 zilizobaki ndizo bei ya kupimiwa, kukatiwa, kufungiwa na kuletewa, na mimi niko tayari kuzilipa endapo zinaninunulia saa nzima ya moto. Zikininunulia dakika 12 za kisu, hapana.

Gharama nyingine haimo kwenye risiti. Sanduku la watu wanne limepimwa lishe watu wanne na sufuria ibaki tupu. Sisi tuko saba, na kila Jumanne shemeji yangu anapitia akitoka Nakawa, na hapajawahi kuwa na siku tukamwambia chakula kimeisha. Tulikuwa tunaongeza viazi vyetu, wali wetu, nyanya zetu. Kisha hakuna kiporo. Kwetu maharage ya usiku ndiyo katogo ya asubuhi, yanachanganywa na ndizi kabla watoto hawajaenda shule. Jioni isiyoacha kiporo inakudai kifungua kinywa kesho yake, na nilipohesabu hilo sanduku likawa ghali kuliko lilivyoandikwa.

Kuhusu lishe yenyewe, sikuwa na wasiwasi mkubwa, ila mambo mawili niliyarekebisha. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea, na masanduku yetu hayakuwa na kitu chochote cha mnyama zaidi ya ile samli, kwa hiyo mayai na maziwa tuliyaongeza wenyewe, na mama mkwe hana kizuizi navyo. La pili ni madini ya chuma. Yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani mwili huyapokea kwa shida, limau na nyanya husaidia, na chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Mama mkwe alikuwa na kikombe chake cha chai pembeni ya sahani kila jioni. Kumwomba akisogeze mbele kwa saa moja nilimtuma mume wangu, maana mimi nisingeweza. Alikubali, na sasa chai yake anainywa baada ya sala ya jioni.

Basi nirudi kwenye ile Ijumaa. Mapishi yaliyokuwa sandukuni yalikuwa luwombo ya uyoga na karanga: mchuzi unafungwa ndani ya jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Jumapili tulijaribu kuupika. Nilikunjua jani, nikamwaga mchuzi, nikaanza kufunga, na jani likapasuka kwenye kila mkunjo. Mchuzi ulimwagika mezani mpaka sakafuni. Mama mkwe aliinuka, akamwambia dada awashe sigiri, yaani jiko la makaa, akachukua jani jingine kutoka mgomba ulio nyuma ya nyumba. Alilipitisha juu ya makaa polepole, mikono miwili, upande huu na ule. Ukiangalia kwa karibu unaona rangi inavyobadilika: kijani kilichopauka kinageuka kuwa kijani kilichokolea chenye kung'aa, kama mtu amelipaka mafuta, na mstari wa mabadiliko hayo unatembea na joto. Likishababuliwa, jani linalainika kama kitambaa. Kisha akachukua kisu akachonga ule uti wa katikati mpaka ukawa mwembamba, akalitandaza juu ya bakuli, akamwita binti yangu, "Njoo mjukuu wangu, mwaga sasa." Halikuvuja hata tone. Lilikaa kwenye mvuke zaidi ya saa moja.

Kadi ilikuwa imeandika: funga kwenye jani. Hakuna neno kubabua.

Jumatatu nilimpigia simu mwenye huduma. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nikaukosa. Ni binti aliyekulia Bombo, mji wa kambi ya jeshi kaskazini mwa Kampala, Kiswahili chake kimenyooka, na alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaniambia jambo lililofungua kila kitu: maharage aliyajaribu kwenye sufuria ya presha. Jikoni kwake ana jiko la gesi la pleti nne na presha mbili, na aliyeandika kadi alinakili muda bila kuandika chombo. "Dada, sikujua kwamba wateja wangu wengi hawana presha," alisema. Sisi tuna pleti mbili na sigiri. Luwombo, ndizi na wali kwa pamoja hatuna pa kuviweka.

Tulikubaliana mambo na ameyatimiza karibu yote. Maharage sasa anayachemsha yeye usiku, anayapoza, anayagandisha, na yanafika yakiwa bado na barafu katikati. Hilo la barafu nililisisitiza, kwa sababu maharage yaliyoiva yakizunguka na boda saa mbili kwenye joto yanachacha. Fikra yenyewe si ngeni hapa, watafiti wa NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo la Uganda, na wenzao wa Kenya wameshafanya kazi ya maharage yaliyopikwa kabla, ili kuokoa kuni na muda. Karanga anasaga siku hiyohiyo na kuandika tarehe kwenye kavera, maana unga wa karanga uliokaa kwenye unyevu ni wa kuogopa kwa sababu ya sumukuvu. Jani linakuja limebabuliwa. Kadi nne nimemwandikia mimi kwa Kiswahili, nikipima kwa kikombe na kijiko cha chakula badala ya gramu, na dada alizisoma kwanza kabla hazijatumwa. Alinisahihisha mahali pawili ambapo nilisahau kusema moto uwe mdogo.

Na sanduku la Ijumaa limehamia Alhamisi jioni. Hilo lilikuwa jepesi kuliko yote, tungelifanya siku ya kwanza kama ningelisema tu neno Sabato nilipojaza fomu. Hawakuniuliza, nami sikusema. Hapa karibu na ikweta jua halichezi sana, mwaka mzima linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja hivi, kwa hiyo saa yetu ya mwisho ya kupika Ijumaa inajulikana. Chakula kilichoiva mapema kinapashwa tu.

Masanduku tumeyapunguza yakawa mawili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi, na tunachagua yale tu yenye kazi ndefu iliyokwisha kufanywa: firinda, maharage, luwombo, mara mojamoja malakwang ya kaskazini, ambayo majani yake machachu yanataka kuchemshwa na kumwagwa maji zaidi ya mara moja. Choroko, dengu zilizopasuliwa na mboga za majani tunanunua sokoni.

Ijumaa ya wiki ya sita dada aliwasha sigiri saa nane mchana, kadi ya Kiswahili ikiwa imeegeshwa kwenye kopo la chumvi. Nilipoingia saa kumi na moja na nusu nyumba nzima ilinukia jani la mgomba. Mama mkwe alikuwa ameshaoga, amevaa gauni lake la Sabato, naye ndiye aliyefungua luwombo ya kwanza. Mvuke ulipanda akafumba macho. Saa kumi na mbili na dakika 20 sote tulikuwa mezani, na sufuria ya maharage ilibaki na kiporo cha asubuhi.

Jumanne bado inatusumbua. Shemeji sasa anakuja na rafiki yake.